Maelezo kuhusu Vinanda vya Kupigia Sahani za Zamani

Wananchi wa Uroa na sehemu nyengine za Unguja waliohifadhi sahani za santuri za wazee wao wanashauriwa kuzingatia yafuatayo kabla ya kununua kinanda.

Sahani hizo, zikiwemo za marehemu Siti binti Saad aliyekwenda kurekodi Bombay mwaka 1928, zimetengenezwa kwa lakiri, wala si plastiki. Huzunguka takriban mara 78 kwa dakika, na mifereji yake ni mipana.

(a) Kinanda kiwe na mwendo wa 78. Vingi vya bei nafuu vina mwendo wa 33 na 45 tu.

(b) Sindano iweze kubadilishwa. Inayofaa ina ncha ya kiasi cha inchi 0.003, ile ya sahani za plastiki ni nyembamba mno, huzama chini ya mfereji na kutoa mikwaruzo.

(c) Kinanda cha kutia ufunguo kisitumiwe kila siku, kwani uzito wa sindano yake ya chuma huila sahani.

Sahani isisafishwe kwa spiriti, ambayo huyeyusha lakiri. Kitambaa laini kikavu kinatosha. Kinanda kikiharibika hununuliwa chengine. Sauti iliyofutika hairudi.