Vumbi la Mbali Katika Barafu ya Kilimanjaro

Upepo wa kaskazi, ambao kwa karne nyingi uliyaleta majahazi ya Arabuni hadi bandari ya Mji Mkongwe wa Unguja kati ya Disemba na Machi, hupita kwanza karibu na nchi kame za Bara Arabu na Pembe ya Afrika, ambako hewa huweza kuchukua vumbi la madini, yaani chembe za udongo na za mawe yaliyosagika. Chembe nzito huanguka karibu na zilikotoka, ilhali zile ambazo upana wake haufiki sehemu ya mia ya milimita huinuliwa na hewa ya moto na kusafiri kwa siku kadhaa: vumbi la Sahara huvuka Atlantiki hadi msitu wa Amazon, na Februari 2021 liliigeuza theluji ya milima ya Alps kuwa na rangi ya machungwa.

Vumbi likiangukia Unguja halibaki, kwani masika hulisomba likachanganyika na udongo wa kisiwa. Kileleni mwa Kilimanjaro, penye kimo cha mita 5,895, theluji mpya hulifunika na kulihifadhi, ingawa si vumbi lote la huko ni geni, maana Kibo, kilele hicho, ni volkano na ina jivu lake. Mwaka 2000 Lonnie Thompson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio, Marekani, na wenzake walitoboa barafu ya mlima huo kwa keekee, wakatoa nguzo sita za barafu, ndefu zaidi ikikaribia mita 51. Katika nguzo moja walikuta tabaka la vumbi lenye unene wa takriban milimita 30, wakalikadiria kuwa la miaka 4,000 iliyopita na kulihusisha na ukame mkubwa uliozikumba nchi nyingi za Afrika. Wapo wataalamu wanaoupinga umri huo, wakisema huenda barafu ya Kibo iliwahi kutoweka na kurudi, na hoja yao si ya kupuuzwa.

Vumbi si kumbukumbu tu, kwa sababu theluji safi huakisi sehemu kubwa ya mwanga wa jua, na ikichafuka hufyonza joto zaidi. Hata hivyo, kulitwisha vumbi lawama yote ya kupungua kwa barafu ni kukosea, maana upungufu wa theluji mpya ndio unaotajwa zaidi. Kati ya 1912 na 2000 eneo la barafu ya Kilimanjaro lilipungua kwa takriban asilimia 80, na nguzo zilizotolewa sasa zinatunzwa katika vyumba vya baridi vya chuo hicho, mjini Columbus.