Kitabu cha Witu na swali la waandishi wa programu huria

MWAKA 1890, kikosi cha wanamaji wa Uingereza kilipouteketeza mji wa Witu, bara ya Amu, inasimuliwa kwamba miongoni mwa vilivyoangamia ni kitabu cha asili cha Habari za Pate, historia ya masultani wa Kinabahani. Kilikuwa kimoja, nacho kilikaa mahali pamoja.

Historia yenyewe, hata hivyo, haikupotea. Mzee wa ukoo huo, Muhammad bin Fumo Omar, maarufu kwa jina la Bwana Kitini, aliwasimulia waliomwendea, na kutokana naye na wanakili wa baadaye zikapatikana nakala kadhaa. Stigand alichapisha tafsiri yake mwaka 1913, Alice Werner akafuata muda mfupi baadaye, na Heepe akachapisha ya kwake mwaka 1928. Ilipofika mwaka 1993, Marina Tolmacheva aliyaweka pamoja matoleo mbalimbali ili msomaji ajionee yanavyoachana.

Na yanaachana kweli. Miaka, majina na mpangilio wa matukio havilingani katika nakala zote, wala hakuna nakala inayoeleza ni nani aliyebadilisha nini, lini, na kwa sababu gani. Mwaka 1969 mtaalamu wa mambo ya kale, Neville Chittick, aliitilia shaka kubwa tarehe ya habari hizo, na mjadala haukuishia hapo.

Anayetaka kufahamu kwa nini waandishi wa programu za kompyuta hubishana sana kuhusu mfumo wa kutunza matoleo, na aanzie hapa. Programu huria, yaani ile ambayo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, kuubadili na kuugawa, ni maandishi yanayopita mikononi mwa wanakili wengi. Wanakili hao huenda wasionane maishani. Mfumo wa matoleo huandika kila badiliko, mstari kwa mstari, pamoja na jina la aliyelifanya, saa, na maelezo mafupi ya sababu. Likiharibika jambo, hurudiwa toleo la jana au la mwaka juzi.

Desturi hiyo si ngeni Amu. Muhammad Kijuma, mwandishi na mshairi wa mji huo aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya kama Hichens na Dammann, na mwishoni mwa nakala zake alizoea kuandika jina lake na tarehe. Kasoro ni kwamba sahihi ya mwisho hueleza nakala nzima tu. Haimwambii msomaji kama katika ubeti fulani neno la Kiamu "ndia" limegeuzwa kuwa "njia". Mwishoni mwa kipande, ambapo kina hudai haki yake, "mato" hayawezi kugeuzwa "macho" bila mwenye sikio kugundua. Katikati ya mshororo hakuna kina cha kumshtaki mnakili.

Tuseme basi kwamba vijana wa Mkomani na Langoni wameamua kutengeneza kamusi huria ya Kiamu, au programu ya kuandikia Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wachague mfumo gani?

Mifumo ya zamani hufanana na kitabu cha Witu. CVS, iliyoanza mwaka 1986, na Subversion, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Februari 2004, huweka kumbukumbu zote katika seva moja. Kila mfanyakazi huchukua nakala ya kazi ya leo, lakini historia hubaki seva. Mtandao ukikatika hawezi kuhifadhi badiliko lake. Seva ikiungua bila akiba, historia imekwenda nayo.

Mifumo ya kusambaza ilikuja kulikata fundo hilo. Watengenezaji wa kiini cha Linux walikuwa wakitumia BitKeeper, programu ya kibiashara waliyoruhusiwa kuitumia bure, tangu mwaka 2002. Mwaka 2005 kampuni iliyoimiliki iliiondoa ruhusa hiyo baada ya mzozo. Kwa maneno mengine, mmoja wa miradi huria mikubwa duniani ulikuwa umepanga katika nyumba ya mtu, naye akadai nyumba yake. Linus Torvalds aliandika Git Aprili mwaka huo, na ndani ya siku chache tu Git ilikuwa ikitunza msimbo wake yenyewe. Mwezi huohuo Mercurial nayo ikazaliwa kwa sababu ileile.

Katika mifumo hii miwili kila anayechukua kazi huchukua historia yote. Kijana aliyeko Faza au Kizingitini huandika, huhifadhi na hulinganisha matoleo bila mtandao, kisha hutuma apatapo mawimbi ya simu. Mashine ya Mkomani ikifa, ya Langoni inayo kumbukumbu kamili mpaka mara ya mwisho ilipopokea mabadiliko. Zaidi ya hayo, Git hukipa kila kituo cha historia alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake na yaliyokitangulia. Atakayegeuza "ndia" kwa siri katika toleo la zamani atabadili alama zote zilizofuata, na wenye nakala nyingine watamwona.

Kwa kweli Mercurial ni rahisi zaidi kujifunza. Amri za Git humtoa jasho hata fundi. Lakini wengi wamekwenda Git. Mradi wa lugha ya Python ulihama Mercurial mwaka 2017, na Mozilla ilitangaza uamuzi kama huo mwaka 2023. Karibu na nyumbani, OpenMRS, programu huria ya kumbukumbu za wagonjwa iliyokuzwa kwa sehemu Eldoret, nayo iliacha Subversion ikaingia Git. Sababu kuu ni watu: mgeni anayetaka kusaidia huja akiwa tayari anaijua Git. Kwa mradi mdogo wenye wafanyakazi wanne, hoja hiyo huzishinda nyingine zote.

Isipokuwa pale kazi yenyewe ni picha. Git hulinganisha mistari ya maandishi. Picha nzito za miswada huijaza haraka, na mabadiliko ndani yake hayaonekani. Mwenye kutunza picha tupu bado ana haki ya kuifikiria Subversion, ambayo pia huweza kulifunga faili ili wawili wasiliguse pamoja. Faili za Word nazo hazifai. Kamusi iandikwe katika maandishi matupu, kila ingizo mstari wake.

Jambo moja huwachanganya wengi: mfumo si sawa na tovuti inayouhifadhi. Google Code ilifungwa Januari 2016. Bitbucket iliacha kuhudumia Mercurial mwaka 2020. GitHub, iliyoanza mwaka 2008, ilinunuliwa na Microsoft mwaka 2018. Msimbo huokolewa na nakala zilizo majumbani, lakini mijadala na malalamiko ya watumiaji yaliyoandikwa katika tovuti hayamo ndani ya nakala hizo. Hayo sharti yapakuliwe mbali.

Kubaki, basi, kunabaki swali ambalo hakuna mfumo unaolijibu. Git itaonyesha kwamba Mkomani wameandika hivi na Langoni vile, itataja majina na saa, kisha itasimama na kungoja. Mtu ndiye atakayeamua lipi liingie katika tawi kuu, na ni vyema vijana hao wakubaliane ni nani kabla ya neno la kwanza kuandikwa.