Chupa ya Fanta na Ziwa Kivu: gesi ya chini ya maji inakaa namna gani?

Kila mara Nyiragongo ikionyesha mwangaza mwekundu usiku, maswali ni yale yale. Je, ziwa litapasuka? Moto wa volkano ukiingia ndani ya maji, ile metane itawaka na Goma yote itaisha? Vijana wanaopenda fizike wanabishana juu ya jambo hili mpaka usiku: mmoja anasema tunalala pembeni ya bomu, mwingine anasema ni hadithi za kutisha watu. Mama muuza sambaza anawasikia wote wawili na hajui amfuate nani.

Basi tuchukue fizike yenyewe, pole pole, kwa vitu ambavyo kila mtu ako navyo nyumbani.

Nunua Fanta moja. Usiifungue. Tazama ndani: maji ya rangi yametulia, hakuna hata povu moja. Lakini gesi iko humo, nyingi sana, imeyeyuka ndani ya maji sawa vile sukari imeyeyuka. Kinachoizuia ni kifuniko, juu kinashikilia presha. Ukikitoa, presha inashuka, na gesi inatoka mbio kwa mapovu. Gesi haikuzaliwa wakati ule ulipofungua. Ilikuwa humo tangu mwanzo.

Ziwa Kivu halina kifuniko cha chuma. Kifuniko chake ni uzito wa maji yenyewe. Kila mita 10 unaposhuka ndani ya maji, unaongezewa presha sawa na ile ya hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu. Ziwa letu lina kina cha mita 485 hivi pahali linapozama zaidi. Kwa hiyo chini kabisa maji yanabanwa karibu mara 50 kuliko huku pwani tunakofulia nguo. Katika presha ya namna hiyo, gesi inabaki kimya ndani ya maji.

Na gesi ni nyingi. Watafiti wanahesabu kilometa kubiki karibu 300 za gesi ya kaboni, ile ambayo sisi pia tunaitoa tukipumua, na karibu 60 za metane, ile inayowaka. Ni hesabu ya namna zingekuwa zikitoka nje hewani. Gesi ya kaboni nyingi inaingia kwa chemchemi za chini zinazotoka upande wa volkano. Metane inatengenezwa na vijidudu vya chini kule kusiko na oksijeni. Wavuvi wa sambaza wanajua mpaka huo bila kusoma kitabu: ukishusha nyavu sana, chini ya mita 70 hivi, hupati kitu. Samaki hawaishi huko.

Hapa ndipo swali zuri la fizike linaingia. Ukipima joto la maji, unakuta kwamba chini ni moto kidogo kuliko katikati. Lakini sisi wote tulifundishwa kwamba maji ya moto yanapanda juu na ya baridi yanashuka. Kwa nini haya ya Kivu hayapandi?

Fanya jaribio. Chukua glasi ya chai ya rangi, iwe vuguvugu, tia ndani yake vijiko viwili vya chumvi, koroga mpaka iyeyuke. Kisha chukua glasi nyingine yenye maji baridi safi nusu. Mimina ile chai pole pole sana kwa kufuata ukuta wa glasi. Chai inashuka na kulala chini, ingawa ni ya moto kuliko maji ya juu. Chumvi imeifanya nzito. Ukiiacha bila kuitikisa, mpaka kati ya maji mawili unaonekana wazi kwa muda mrefu.

Ziwa Kivu ni hivyo hivyo, ila kwa ukubwa wa kutisha. Maji ya chini yamebeba chumvi na madini, na gesi ya kaboni iliyoyeyuka pia inayaongezea uzito. (Metane inafanya kinyume, inayapunguzia uzito kidogo, lakini chumvi na kaboni zinaishinda.) Kati ya maji ya juu na ya chini kuna ngazi nyingi, moja juu ya nyingine. Watafiti walioshusha vipimo vya joto vyenye usikivu sana walihesabu zaidi ya 300. Mpaka mkubwa zaidi uko karibu na mita 260. Gesi nyingi inalala chini ya huo. Upepo na mawimbi ya juu havifiki huko. Mvua kubwa pia haifiki.

Sasa, hatari iko wapi? Tuende Kamerun. Tarehe 21 mwezi wa nane mwaka wa 1986, usiku, Ziwa Nyos lilifunguka sawa na chupa ya Fanta iliyotikiswa. Wingu la gesi ya kaboni lilitoka, likashuka kwenye mabonde, likaua watu karibu 1,700 na maelfu ya ng'ombe. Wengine walikuwa mbali na ziwa zaidi ya kilometa 20. Miaka miwili mbele, kwenye Ziwa Monoun, katika inchi ile ile, watu 37 walikuwa wamekufa kwa namna hiyo. Hakukuwa moto wowote. Gesi ya kaboni ni nzito kuliko hewa mara moja na nusu, kwa hiyo inatembea chini sawa na maji na inafukuza hewa ya kupumua.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ubishi wa vijana juu ya metane kuwaka unakamata upande mdogo wa jambo. Mbele ya moto, gesi ya kuogopa ni ile isiyowaka.

Lakini Kivu si Nyos. Ili mapovu yatoke yenyewe, presha ya gesi iliyoyeyuka lazima ipite presha ya maji yanayoikandamiza. Ndani ya Nyos, sehemu za chini zilikuwa karibu kufika hapo. Katika Ziwa Kivu, hata pahali penye gesi nyingi zaidi, presha ya gesi ni karibu nusu tu ya ile ya maji. Ni kusema, ili maji ya huko yaanze kutoa mapovu, kitu lazima kiyanyanyue juu kwa zaidi ya mita 100. Jiwe linaloanguka haliwezi kufanya hivyo. Watafiti wanataja kitu kikubwa kama mlipuko wa volkano chini kabisa, ndani ya ziwa lenyewe.

Tunao mfano wetu. Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 volkano ilipasua katikati ya mji na lava ikaingia ndani ya ziwa mbele ya macho ya watu. Maji yalichemka pwani na mvuke ulipanda. Ziwa halikupasuka. Lava ilipoa mbele ya kufika kule gesi nyingi iliko, na vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba maji ya chini hayakuvurugika. Mwaka wa 2021 ilikuwa mambo mengine. Volkano ilitoka tarehe 22 mwezi wa tano, kisha matetemeko yakaendelea, na wataalamu wakaona dalili kwamba magma inatembea chini ya udongo wa mji na kuelekea chini ya ziwa. Tarehe 27 viongozi wakaamuru kartie 10 za Goma zihame. Watu walilalamika sana, wakalala Sake kwenye barabara, na kisha hakuna kilichotoka ndani ya maji. Wengine mpaka leo wanasema tulikimbizwa bure. Mimi nasema: magma chini ya ziwa ndiyo ile ile hali moja ambayo hesabu za fizike zinaikataza kudharauliwa.

Je, gesi inazidi kuongezeka? Mwaka wa 2005 watafiti walitangaza kwamba metane ilikuwa imeongezeka karibu asilimia 15 ndani ya miaka 30. Habari hiyo ilitisha wengi. Kisha 2018 timu mbalimbali zilipima tena pamoja, kila moja na chombo chake, na matokeo yaliyotoka 2020 yakasema hakuna ongezeko kubwa tangu miaka ya 1970. Usiseme wanasayansi wanajipinga. Kupima gesi ndani ya maji ya mita 300 ni kazi ngumu: ukipandisha maji, gesi inakimbia njiani, sawa na Fanta.

Tabia hiyo hiyo ya kukimbia ndiyo inatumika kuitoa. Unashusha bomba refu, unavuta maji kidogo kwa pampu, mapovu yanaanza ndani ya bomba, maji yanakuwa mepesi, yanapanda yenyewe, na pampu unaweza kuizima. Ndivyo walivyofanya Nyos tangu 2001 ili kupunguza gesi. Upande wa Rwanda, kiwanda cha KivuWatt kinavuta maji toka karibu mita 350, kinachuja metane na kutengeneza umeme wa megawati 26. Swali ambalo wasomi wanalichunga sana si kuvuta, ni kurudisha: maji yaliyotolewa gesi yanarudishwa kina gani? Ukiyarudisha juu sana, yanaleta uchafu wa chini kwenye maji ya samaki. Ukiyarudisha pabaya, unaweza kuharibu zile ngazi zinazoshikilia kila kitu. Ziwa ni moja, mpaka wa inchi haushuki ndani ya maji.

Jambo moja watu wanalichanganya kila siku: mazuku. Zile sehemu za Goma na Sake ambapo mbuzi anakufa asubuhi bila alama, si ziwa linalovuja. Ni gesi ya kaboni inayotoka kwenye nyufa za mawe ya volkano na kujaa kwenye mashimo, hasa usiku na asubuhi wakati hakuna upepo. Mtu mzima anaweza kupita akiwa amesimama na mtoto anayemfuata akaanguka, juu gesi iko chini kwenye pua ya mtoto. Ukiona mnyama amelala ndani ya shimo, usishuke kumtoa.

Na kwa upande wa ziwa, pahali pa kuangalia mbele ya pengine ni ghuba ya Kabuno, karibu na Sake. Kule kizingiti cha chini kinaitenga na ziwa kubwa, na maji yenye gesi ya kaboni nyingi hayako mita 260. Yanaanza kwenye mita 11 au 12 hivi, chini tu ya mitumbwi.