Mlinzi wa Jeni: Jinsi Bakteria Anavyoitambua Dawa

Mkulima wa kahawa katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, haendeshi mashine yake ya kumenyea kahawa mwaka mzima. Akifanya hivyo ataichakaza bure. Huifungua pale tu matunda mabivu yanapofikishwa kutoka shambani. Bakteria, ambaye ni kiumbe wa seli moja tu, hufuata kanuni kama hiyo. Anazo jeni nyingi, lakini hazitumii zote kwa wakati mmoja.

Jeni ni sehemu ya DNA yenye maagizo ya kutengenezea protini. Maagizo hayo hunakiliwa kwanza katika RNA na kimeng'enya kiitwacho RNA polimerasi. Mwaka 1961 wataalamu wa Ufaransa, François Jacob na Jacques Monod, walieleza kwamba unakili huo huweza kuzuiwa na kitu maalumu ndani ya seli. Mwaka 1966 Walter Gilbert na Benno Müller-Hill, huko Marekani, walifaulu kukitenga kitu hicho, na ikadhihirika kuwa ni protini. Protini ya namna hii huitwa represa, yaani kizuizi. Hujishikiza kwenye DNA karibu na mwanzo wa jeni, na hivyo kuizuia polimerasi isifanye kazi yake.

Represa mojawapo iliyochunguzwa sana ni TetR, ipatikanayo katika bakteria wengi walio sugu kwa tetrasaiklini. Dawa hii huzuia ribosomu za bakteria zisitengeneze protini. Bakteria hao wana jeni ya protini nyingine, TetA, ambayo hukaa katika utando wa seli na kuisukuma dawa nje kama pampu. Lakini TetA ikizidi huidhuru seli yenyewe. Kwa hiyo, wakati dawa haipo, TetR huifunga jeni hiyo. Tetrasaiklini inapoingia hujishikiza kwenye TetR na kuligeuza umbo lake, nayo huiachia DNA. Hapo unakili huanza na pampu hutengenezwa. TetR huitambua dawa hata ikiwa kidogo mno, kabla haijafikia kiasi cha kusimamisha ribosomu. Dawa ikiisha, mlinzi hurudi mahali pake.

Madhara ya usugu wa namna hii yalionekana nchini Tanzania katika mlipuko wa kipindupindu ulioanza mwaka 1977. Tetrasaiklini ilitumiwa kwa wingi, kwa kutibu na kwa kukinga. Mhalu na wenzake walitangaza mwaka 1979 kwamba, baada ya miezi mitano tu, asilimia 76 ya vimelea vilivyopimwa vilikuwa sugu kwa dawa hiyo.

Yafaa kutofautisha mambo mawili. Ndani ya seli moja, dawa haiundi jeni ya usugu. Huondoa tu kizuizi cha jeni iliyokwisha kuwamo. Katika kundi zima la bakteria, dawa huwaangamiza au kuwadumaza wasio na jeni hiyo, na walio nayo huongezeka. Tena jeni za usugu mara nyingi hubebwa na plasmidi, ambazo ni duara ndogo za DNA ziwezazo kuhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine.

Mwambao wa Ziwa Nyasa kuanzia Lituhi hadi Mbamba Bay, uliokuwa sehemu ya Wilaya ya Mbinga na ambao sasa ni Wilaya ya Nyasa, una wakazi wengi wanaolitegemea ziwa kwa maji na samaki. Kwao, kama kwa wengine, kinga iliyo bora dhidi ya kipindupindu ni ile isiyoweza kutolewa nje na pampu yoyote: maji yaliyochemshwa, choo, na mikono iliyonawiwa kwa sabuni. Mgonjwa apewe mara moja maji yenye chumvi na sukari kwa vipimo sahihi, na apelekwe kituo cha afya. Dawa za kuua bakteria zitumiwe kwa amri ya mganga tu, ili ziendelee kufaa siku zitakapohitajika.