Makucha ya Paka na Subira ya Mwenye Nyumba

Hapa kwetu Babati mjini, mwanafunzi wangu mmoja alikuja chuoni amefunga kitambaa mkononi. Alitaka kumkata paka wao makucha. Alimkaza kwa nguvu, akakata mno, damu ikamtoka paka, naye akaparurwa. Nalimpeleka hospitali. Baba yake aliazimia kumtupa mnyama yule. Nikamwambia kosa si la paka.

Ndani ya ukucha mna nyama hai yenye damu, huonekana nyekundu kidogo. Na ikatwe ncha nyeupe tu. Ngoja paka ashibe na kusinzia, mviringe kwa kitambaa, bonyeza kidole polepole, ukucha utatokeza. Akikataa, mwachie, kata mmoja leo, mwingine kesho. Makucha yake kwa kawaida ni 18, wala hapana haraka. Aliyeparurwa au kuumwa na aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali, kwa khofu ya kichaa cha mbwa.

Tukumbuke khabari ya mwanamke aliyeingia Motoni kwa kumfungia paka bila chakula, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Alhamdulillahi, paka yule yungali nyumbani, na kijana ndiye amlishaye.