Fahamu: Kwa nini gemu hupewa sifuri au kumi tu

Gemu ya The Last of Us Part II ilitoka Juni 19, 2020. Kuimaliza huchukua zaidi ya saa 20, lakini siku hiyohiyo Metacritic, tovuti ambako wachezaji hutoa alama, ilifurika sifuri, na mashabiki wakajibu kwa kumi. Sita na saba, alama za mtu aliyecheza akapima, zikamezwa.

Chanzo ni hesabu ya wastani: sifuri huushusha zaidi kuliko nne, basi kila upande huvuta kamba hadi mwisho. Mwezi uliofuata Metacritic ikaweka muda wa kusubiri wa saa 36 kabla ya wachezaji kutoa alama.

Ubaya haukuishia kwenye alama. Laura Bailey, aliyemwigiza Abby, mhusika wa gemu hiyo, alitishiwa kuuawa. Gemu ikikuudhi, iseme gemu, mwigizaji mwache.