Bunduki ya Asiye na Mlinzi

Wasomaji wengi wa Afrika Mashariki hushangaa wakisikia kwamba katika majimbo mengi ya Marekani mtu mzima asiye na rekodi ya uhalifu huingia dukani akatoka na bunduki, na jambo hilo akaliita haki yake ya kikatiba. Kwetu silaha huombewa kibali, na mwombaji anaweza kunyimwa. Habari zinazotufikia kutoka huko ni za wanafunzi waliopigwa risasi darasani, kwa hiyo ni rahisi kusema watu wale wamerukwa na akili. Lakini thamani ya uhuru huo haionekani ukimtazama tajiri wa Texas anayekusanya bunduki kama saa za mkononi. Inaonekana ukimtazama raia ambaye serikali yake mwenyewe haikutaka kumlinda.

Mwaka 1865, utumwa ulipokwisha kukomeshwa, jimbo la Mississippi lilitunga sheria ya kumkataza mtu mweusi kumiliki silaha bila kibali cha maofisa wa wilaya, na maofisa hao walikuwa weupe. Mwaka 1892, baada ya rafiki zake kuuawa na kundi la watu mjini Memphis, mwandishi Ida B. Wells aliwashauri watu weusi waiweke bunduki mahali pa heshima nyumbani. Mwaka 1956 nyumba ya Martin Luther King ilipigwa bomu huko Montgomery; aliomba kibali cha kubeba bastola, akanyimwa. Naam, King yuleyule wa kupinga maovu bila fujo. Na mwaka 1964, huko Jonesboro, Louisiana, msafara wa magari ya Ku Klux Klan, kundi la weupe lililowatisha watu weusi, ulipita katika mtaa wa watu weusi ukisindikizwa na gari la polisi. Wanaume wa mtaa huo, wengi wao waliowahi kuwa wanajeshi, waliunda kikundi kilichoitwa Deacons for Defense and Justice, wakawa wanakesha na bunduki kuwalinda wanaharakati wa haki za raia. Mwaka uliofuata wenzao wa mji wa Bogalusa walifanya vivyo hivyo. Wangempigia nani simu, ikiwa polisi ndio waliowasindikiza wavamizi?

Tusidhani hayo yamekwisha kwa kuwa ubaguzi wa kisheria umekwisha. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya mama mmoja wa Colorado aliyewapigia polisi simu mara kwa mara jioni na usiku, akiwaambia kuwa mumewe amewachukua mabinti zao watatu kinyume cha amri ya mahakama. Watoto waliuawa. Majaji wakasema mama huyo hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai polisi watekeleze amri ile. Mtu akishaambiwa hivyo, kumkataza pia asijilinde ni kumfunga mikono.

Pingamizi kubwa ni vifo, na si la kupuuzwa. Mwaka 2021 bunduki ziliua zaidi ya watu 48,000 nchini humo, na zaidi ya nusu yao walijiua wenyewe. Bunduki iliyomo ndani huifanya saa moja ya kukata tamaa iwe ya mwisho, na mtetezi wa uhuru huu asiyelikubali hilo hafai kusikilizwa. Ila dawa yake ni kufuli, kasha la chuma, na ndugu wa kumtunzia mtu silaha wakati amelemewa. Wengine husema Klan nao walikuwa na bunduki. Ni kweli, na wangebaki nazo chini ya sheria yoyote, maana wagawa vibali walikuwa watu wao. Ndiyo sababu mwaka 2021, kesi ya vibali vya bunduki vya New York ilipofika Mahakama ya Juu, baadhi ya mawakili wanaotetea maskini wa jiji hilo waliunga mkono upande wa wenye bunduki: wateja wao walioshtakiwa kwa kukosa kibali walikuwa karibu wote weusi na Walatino.

Sheria ninayoiona ya haki, huko na kwingineko, ni yenye masharti yaleyale kwa kila mtu: umri, rekodi safi, mafunzo, kasha lenye kufuli. Na ofisa anayemnyima mtu kibali aandike sababu inayoweza kupimwa mahakamani.